Kamati ya Herufi Zisizo na Madhara

Kwa niaba ya Ofisi ya Uratibu wa Majalada ya Muda, Kanda ya Ufipa, ninayo furaha, heshima na unyenyekevu mkubwa kuutangazia umma kwamba tatizo la herufi hatarishi katika mji wa Sumbawanga limekwisha. Herufi zote zilizokuwa zikileta fujo zimebainishwa, zimejadiliwa na kuondolewa. Zimebaki mbili. Hizo mbili nazifahamu vizuri kwa kuwa mimi ndiye niliyezitetea, na kama yupo mwananchi anayetaka kunipongeza, nipo chumba namba nne. Mlango unakwama, usukume kwa bega.

Naitwa Nestory. Wakati mambo haya yanaanza nilikuwa Afisa Tawala Daraja la Pili, na baadaye Katibu wa Kamati. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Kujisifu nimekuweka kwenye taarifa nyingine, yenye picha.

Ofisi yetu ilizaliwa na mageuzi. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, viwanda vinauzwa, Majengo kumejaa mitumba mpaka mtu wa Sumbawanga anavaa koti la timu ya mpira asiyojua inacheza nchi gani. Wakubwa wakaona kwamba kila kitu kimefunguliwa isipokuwa majalada. Wakaunda ofisi. Kazi yetu ni nyepesi kueleza: jalada halisi la mwananchi likipotea, sisi tunamfungulia la muda, alitumie mpaka halisi lipatikane. Tangu tuanze hakuna jalada halisi lililowahi kupatikana, jambo linaloonyesha jinsi tunavyohitajika.

Wafadhili wakatuletea kompyuta. Tuliipa chumba chenye zulia, tukaifunika kitambaa cha kufuma, na kila anayeingia akaamriwa kuvua viatu. Sasa baridi ya Ufipa mwezi wa sita mnaijua. Mimi niliingia na soksi zangu zilizokuwa na dirisha kwenye kidole gumba, na tangu siku hiyo wahudumu wakawa wananiita Bwana Hewa Safi. Nilivumilia kwa ajili ya maendeleo.

Mtaalamu kutoka Dar es Salaam akaifunga mashine, akatufundisha kuiwasha, na akatueleza mpango wake. Kila jalada la muda lingepewa jina na kompyuta yenyewe, bila mpangilio, ili karani asijue ni la nani na asimdai mtu chai. Jina liwe la silabi tatu, ili liitwe vizuri dirishani. Zikaanza kutoka: ZUGEPO. NIDUFA. VOJEMI. Majina mazuri, hayamhusu mtu. Mtaalamu akapanda basi kwenda zake, nasi tukapiga makofi.

Kilichokuwa hakijafikiriwa ni kwamba Kiswahili nacho kimejaa silabi. Ukizitupa hovyo hovyo kutwa nzima, kuna siku zitaangukia neno. Jalada la katekista mmoja, mtu wa heshima sana, likapewa jina MATAKO. Karani wetu wa dirishani, Isdori, hana makosa, yeye anasoma kilichoandikwa, na ana sauti ya kanisani.

"Matako!" akaita. "Matako ni ya nani hapa? Tangu asubuhi matako yamekaa tu!"

Katekista akatazama darini. Akaondoka bila jalada lake. Kwenye taarifa ya juma hilo niliandika kwamba wananchi wameanza kupunguza madai yasiyo ya lazima.

Ndipo akaja mama Gaudiosa wa Katandala. Alikuja na binti yake Adela, na kijana Mboje, Msukuma ambaye wazazi wake wamehamia huko Muze, bondeni, na ng'ombe wao. Vijana walitaka kufunga ndoa ya bomani. Maombi yao ya kwanza yalikuwa yamepotea katika mazingira ya kawaida, kwa hiyo Isdori akawafungulia jalada la muda. Kompyuta ikafikiri, printa ikalia kama cherehani, karatasi ikatoka. Jina: TALAKA.

Mama Gaudiosa akasukuma mlango wangu kwa bega.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Hebu nisomee hapa, miwani yangu nimeiacha nyumbani."

Nikasoma. Akanitazama.

"Nilidhani macho yangu," akasema. "Kumbe ni ofisi yenu. Baba, hawa watoto hata kuoana hawajaoana, nyie mmeshawaachisha?"

Nikamweleza kitaalamu kwamba jina ni la nasibu, halina nia, halina chuki, na kwa mujibu wa mwongozo halina hata maana.

"Halina maana wewe," akasema mama Gaudiosa. "Nikimpelekea kaka yangu Tadei karatasi ya harusi iliyoandikwa talaka, ataipokea? Yeye ndiye mjomba mtu. Mjomba akikataa, hakuna harusi. Na hii harusi, mwanangu, ina mtu wa tatu ndani. Mtazame Adela vizuri."

Nikamtazama Adela. Adela akavuta khanga. Mtu wa tatu alikuwa ameshaanza kuonekana.

"Huyo hajui kamati wala mwongozo," akasema mama Gaudiosa. "Akifika amefika. Nataka azaliwe ana baba kwenye karatasi, nisije nikasemwa kisimani."

Niliguswa. Nasema wazi kwamba niliguswa. Nikachukua kalamu, nikaandika pembeni mwa karatasi, "Imeonekana," nikagonga muhuri, nikamrudishia. Ndiyo msaada mkubwa niliokuwa na mamlaka ya kuutoa.

Pengine mambo yangeishia hapo, maana ndoa ya Adela haikuwa suala la kitaifa. Lakini siku chache baadaye jalada la Mratibu Mkuu mwenyewe, Bwana Edwin, likapotea.

Bwana Edwin alikuwa mkuu wetu. Mtu mnene, msafi, mwenye suti ya kahawia na kawaida ya kusaini karatasi huku anaangalia dirishani. Aliomba uhamisho kwenda makao makuu, Dar es Salaam, tangu siku ya kwanza alipoionja baridi yetu. Jalada la uhamisho wake lilipopotea, akafunguliwa la muda kama mwananchi mwingine, kuonyesha mfano. Na ikatokea kwamba saa ile Isdori alipokuwa akiita majina, mke wa Mratibu alikuwa amesimama dirishani na hotpoti ya chakula cha mchana.

"Hawala!" Isdori akaita. "Hawala ya Mlatibu Mkuu iko tayali!"

Isdori ni Mfipa kama sisi wengine, L na R kwake ni ndugu wanaovaliana nguo. Mama Mratibu naye ni Mfipa, na alijua vizuri sana ni herufi gani iliyokuwa imelala pale kwenye karatasi. Akainyoosha shingo, akasoma mwenyewe: HAWARA.

Bwana Edwin akatoka mbio ofisini.

"Mke wangu, umesikia vibaya. Karani amesema hawala. Hawala ni kumtumia mtu fedha mbali."

"Unamtumia nani?" akauliza mama Mratibu.

Hotpoti ikarudi nyumbani. Alasiri ileile Kamati ya Herufi Zisizo na Madhara ikaundwa, Mratibu akiwa Mwenyekiti, Isdori mjumbe kwa kuwa ndiye mwenye sauti, na mimi Katibu. Hadidu za rejea zilikuwa fupi: kuchagua herufi salama, ambazo hata zikitupwa gizani haziwezi kuunda neno la kumdhalilisha mtu. Mratibu akafafanua kwamba kwa neno "mtu" anamaanisha mtu mzito.

Kikao cha kwanza tulianza na H, W na R, watuhumiwa wa HAWARA. Wakaondolewa kwa kauli moja. Isdori akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, tukifukuza R tukabakiza L, hatujafukuza mtu. Mimi kesho nitasoma vilevile."

Mjadala ukawa mkali. Mwenyekiti alidai L ni herufi ya heshima, ipo kwenye "kibali" na "mshahala". Nikamnong'oneza kwamba mshahara hauna L. Akaniuliza tangu lini. L ikaondolewa ili kulinda mshikamano wa kamati.

T na K zikafuata kwa ajili ya TALAKA, na hapo nilijisikia vizuri, nikaona nimemtendea haki mama Gaudiosa. M ikafukuzwa kwa sababu ya katekista. F kwa sababu ya FITINA, jina lililokuwa limeangukia baraza moja la kijiji, ingawa wanakijiji wenyewe walisema limewakaa. G ikaondoka kwa kuwa ikikutana na N na A inaleta mambo ya wanga, na sisi watu wa Sumbawanga tumeshachoka kuulizwa kila tukisafiri kama ni kweli tunaruka na ungo. Nilipoandika muhtasari nikagundua siwezi tena kuandika jina la mji wetu kwa herufi zilizoidhinishwa. Nikaweka nukta nukta.

Irabu zilitupa shida zaidi. U iliondolewa baada ya uchunguzi wangu binafsi kuonyesha kwamba maovu yote yanaanza nayo: uchawi, ulevi, uvivu, umbeya, ufisadi. Isdori akakumbusha kwamba hata upendo na uhuru vinaanza na U. Tukamwambia alete ushahidi. I ilifanana na moja, O ilifanana na sifuri, zote zikatoka. A ilikuwa imeonekana mara tatu kwenye TALAKA na mara tatu tena kwenye HAWARA, kwa hiyo ilitajwa kama mkosaji sugu, na Mwenyekiti akapendekeza isionekane hata kwenye salamu za Krismasi.

Sitawachosha. Kila herufi ilikuwa na doa lake. P ilikuwa na pumba, S ilikuwa na sumu, J ilikuwa na jela. Mwishoni zilibaki mbili zisizo na kesi, Y na E. Nilisimama nikazitetea kwa robo saa, nikisema ni herufi tulivu, za kimasikini, hazina marafiki. Zikapita. Mratibu akanipa mkono. Usiku ule sikulala kwa furaha, nikamwamsha mke wangu nikamwambia ameolewa na mtu aliyebadilisha alfabeti. Akaniuliza kama nimefunga mabata.

Sasa, silabi tatu kwa herufi hizo mbili ni jina moja tu. YEYEYE. Mambo haya hayakutusumbua, kwa sababu hakuna aliyeyafikiria. Kesho yake Isdori akafungua dirisha, akaita, "Yeyeye!" Foleni nzima ikasimama.

"Yeyeye nani?" wakauliza.

"Wote," akasema Isdori, maana ndivyo ilivyokuwa.

Niliandika kwamba usawa wa wananchi mbele ya dirisha umefikiwa kwa asilimia mia moja. Sikuandika, kwa kuwa sikujua, kwamba mtaalamu wa Dar alikuwa ameifundisha kompyuta jambo moja zaidi: ikikuta jina lipo tayari, isifute kitu, bali iendelee kuandika chini ya yaliyopo. Alifanya hivyo kwa kuheshimu masjala, ambako karatasi haitupwi. Kwa hiyo mambo yote yaliyoingia yakawa jalada moja.

Siku hiyo ya kwanza mvua iliitawanya foleni, wakaandikishwa waombaji wawili tu. Wa kwanza ni Bwana Edwin, kuandikisha upya uhamisho wake. Isdori akaandika: Mwombaji, Edwin. Cheo, Mratibu Mkuu. Aendako, makao makuu. Wa pili ni mama Gaudiosa na vijana wake, waliokuja kubadilishiwa TALAKA. Tumbo la Adela lilikuwa limeongeza hoja.

Isdori akawaandikisha vizuri. Jina la bwana harusi. Jina la bibi harusi. Kisha akafika kwenye kipengele cha makazi, akauliza kama mwongozo unavyotaka:

"Mahali?"

Na hapa naomba msomaji asimcheke Mboje. Nyumbani kwao, kwetu, na dirishani pale, mahali na mahari ni neno moja mpaka uone linaelekea wapi. Kijana anakwenda kuoa, anaulizwa mahali, atajibu nini?

"Ng'ombe," akasema Mboje. "Wanatoka Muze kwa baba. Na dume moja la mjomba."

"Eleza dume," akasema Isdori, mtu makini.

"Jekundu. Lina baka jeupe usoni. Lina upole, ila likiona pombe linasumbua."

Isdori akaandika yote. Kompyuta ikayapeleka yote chini ya Bwana Edwin, na kwa kuwa iliona ng'ombe, ikaongeza yenyewe masharti ya kusafirisha mifugo. Printa ikalia. Ikatoka karatasi moja ndefu iliyoungana, yenye vitobo pembeni, ikaletwa mezani kwa Mratibu. Mratibu akaona mstari wa kwanza, jina lake na maneno "makao makuu". Machozi yakamlenga. Akaandika chini kabisa, kwa mkono wake: "Yote yaliyomo humu yamekubaliwa. Utekelezaji uanze mara moja." Akasaini huku anaangalia dirishani.

Nakala moja ikapanda basi kwenda makao makuu. Nyingine akapewa mama Gaudiosa, ambaye hakuona neno talaka popote, akatubariki. Nyingine ikaenda kwa bibi mifugo, Stefania, anayesimamia kizuizi cha barabara ya kutoka Muze. Mimi niliweka yangu kwenye fremu.

Siku mbili kabla ya harusi mlango wangu ukafunguka bila kukwama. Aliingia mama Gaudiosa, na nyuma yake mzee mrefu mwenye koti la jeshi la mitumba. Huyo ndiye Tadei, mjomba wa Adela.

"Shikamooni."

"Hatujaja kusalimiana," akasema mama Gaudiosa. "Ng'ombe wamepita kizuizini. Dume limekamatwa."

"Limekosa nini?"

"Limekosa kibali! Stefania anasema dume lenye kibali, jekundu, lenye baka usoni, si hili. Kwenye karatasi anaitwa Edwin."

Nikaishusha fremu ukutani, nikasoma kwa mara ya kwanza. Ilikuwa imeandikwa, bila nukta wala aya: Mwombaji Edwin cheo Mratibu Mkuu aendako makao makuu, kisha majina ya bwana na bibi harusi, mahali ng'ombe na dume moja la mjomba jekundu baka jeupe usoni lina upole ila likiona pombe linasumbua, litembee kwa miguu kutoka Muze, lichovywe kwenye josho kabla ya kupanda mlima, likabidhiwe kwa mjomba, lisiondoke kwa mjomba bila kibali kingine. Na chini, sahihi.

"Nitawatolea kibali kipya cha dume," nikasema.

"Jina lake?" akauliza Tadei.

"Yeyeye."

"Sawasawa na hili?"

Nikaifunika fremu kwa mkono. Ingetoka ileile, na foleni nzima ya siku hiyo imeongezwa chini.

"Mimi sina maneno mengi," akasema Tadei. "Nimemlea huyu binti baba yake alipokufa. Nataka dume langu. Bila dume siendi bomani, na nisipokwenda mimi haendi mtu."

Mama Gaudiosa akakaa kwenye kiti changu cha wageni na kuanza kulia, bila sauti, akijifuta kwa ncha ya khanga. Nimeona wananchi wengi wakilia katika ofisi ile. Kwa kawaida huwa naandika "mwananchi aliridhika". Safari hii sikuweza.

Tukaenda kwa Mratibu. Alikuwa amekwisha funga vitabu vyake kwenye maboksi. Nikamsomea karatasi taratibu. Nilipofika kwenye josho akasimama.

"Futa," akasema. "Futa karatasi nzima! Huu ni upuuzi!"

"Naam, Mheshimiwa. Ikifutwa, na uhamisho wako umo."

Akakaa. Simu ikalia, na kwa bahati walikuwa makao makuu. Tulimsikia mtu wa upande ule kwa kuwa simu zetu husemea chumba kizima. Walikuwa wamepokea karatasi, wameipenda, uhamisho umepita. Nafasi zinafungwa mwisho wa mwezi. Aje tu na uthibitisho kwamba kila kipengele alichokisaini kimetekelezwa, maana siku hizi wafadhili wanafuatilia sana utekelezaji.

"Kila kipengele?" akauliza Mratibu.

"Kila kipengele, Bwana Edwin. Hongera."

Mratibu akaweka simu. Akatazama nje, kule mvua ilikokuwa ikinyesha na baridi ikishika. Akafikiria Dar es Salaam. Nilimwona akiifikiria.

"Hilo josho," akasema hatimaye, "maji yake ni ya moto?"

Nilimsindikiza Muze mwenyewe kwa gari la ofisi, kama Katibu. Alishuka na suti ya kahawia. Bibi mifugo Stefania, mwanamke mtulivu, akasoma karatasi juu mpaka chini, akamtazama Mratibu, akatazama karatasi tena.

"Wekundu anao kidogo," akasema. "Baka sioni."

"Ni kipara," nikamsaidia. "Jua likipiga kinang'aa."

"Mimi nafuata karatasi," akasema Stefania, akamwonyesha mlango wa josho.

Mratibu Mkuu wa Majalada ya Muda, Kanda ya Ufipa, akapita josho, suti na vyote. Alitoka upande wa pili akinuka dawa ya kupe na akiwa na mshangao usoni. Stefania akagonga muhuri. Kisha Mboje akaokota fimbo yake, akapiga mluzi, na mheshimiwa akaanza kuupanda mlima pamoja na wale ng'ombe waliokuwa wamerudishwa kumsubiri. Mboje ni kijana mwenye adabu, hakumpiga hata mara moja. Alisema tu "haya, haya, baba" kila mheshimiwa alipopunguza mwendo. Mimi niliwafuata kwa gari, polepole, nikiwawashia taa kwenye kona.

Jumamosi tulikuwa bomani. Tadei alikaa mbele, amepokea dume lake kwa maandishi, ametosheka. Adela alivaa gauni lililoshonwa upya mara mbili kumfuata mtu wa tatu. Msajili alipouliza kama yupo mwenye pingamizi, watu wote waligeuka kumtazama Bwana Edwin, aliyekuwa amesimama nyuma ukumbini na nyasi kwenye viatu. Hakuwa na pingamizi. Vijana wakasaini, mama Gaudiosa akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, na mimi, sioni haya kusema, nilipiga makofi huku machozi yananitoka. Ilikuwa huduma ya kwanza ambayo ofisi yetu iliikamilisha.

Baada ya pilau Bwana Edwin akatoa mkono kumuaga Tadei, kwa kuwa basi lake la Dar lingeondoka alfajiri. Tadei hakuupokea.

"Soma mwisho," akasema. "Halitaondoka kwa mjomba bila kibali kingine. Mimi napalilia matuta, na wewe una mabega."

Hivi sasa yapata miezi mitatu. Mimi nakaimu kiti cha Mratibu Mkuu, kwa muda. Bwana Edwin yupo kwa Tadei, nje kidogo ya Katandala, ambako nasikia anainua matuta ya Kifipa mazuri tu, na kwamba kweli akiona pombe anasumbua. Jana alikuja dirishani akiwa na jembe begani. Alipanga foleni. Ilipoitwa Yeyeye alisimama pamoja na wenzake, akabanwa, akaachwa nyuma, mwishowe akazunguka akasukuma mlango wangu kwa bega.

"Nestory," akasema. "Ndugu yangu. Ni sahihi moja tu. Nafasi za makao makuu zimefunguliwa tena."

Nilimpa kiti. Nilimweleza kwa masikitiko kwamba kwa mujibu wa mwongozo alioutia sahihi mwenyewe, mnyama hajiombei kibali, huombewa na mwenye mali, na mwenye mali ameniarifu kuwa msimu wa kupalilia bado haujaisha. Zaidi ya hapo jalada lake halisi limepotea, la muda lina watu mia nne, na Kamati haijakutana kwa sababu Mwenyekiti wake yupo shambani.

"Mwenyekiti ni mimi!" akapiga kelele. "Nipo hapa mbele yako!"

Nikaitazama karatasi. Nikamtazama yeye, kipara kile, mikono ile iliyoota malengelenge, na kwa kweli nilimhurumia. Kisha nikachukua kalamu, nikaandika pembeni "Imeonekana," nikagonga muhuri, nikamwambia aje Jumatatu, na mjomba wake.